Pedali mbili ao tatu

Kamembe, Cyangugu
Tarehe 17 mwezi wa kumi, 2004

Mpendwa Aimable, mutoto wa kaka yangu,

Uko namna gani huko Liège? Baridi imeanza? Na kile kifua chako kilichokuwa kinapiga filimbi usiku, sasa kinakuachia ulale? Sisi huku tunapumua tu. Mama yako Mukabalisa anasumbuliwa na mugongo, lakini soko hakosi. Mke wangu Védastine alishikwa na malaria mara mbili, ikamuachia, imemubakiza mwembamba. Mimi ni muzima. Bado nabeba magunia mawili ya muchele ya Bugarama, moja kila bega, na bado nabaki na pumzi ya kuimba.

Daraja la Rusizi II, la kuvuka kwenda Congo, limefunguliwa tena baada ya ile vita ya mwezi wa sita ku Bukavu. Lakini batu banavuka wakitazama nyuma, na kamyo ni chache. Mvua nayo imekataa kuacha. Mji umenyamaza sana, Aimable, hata muziki banapiga pole pole.

Barua yako ilifika, na ile karatasi ya picha za volan, ule usukani wa mchezo. Nimeelewa: unataka kumutumia papa yako mashini ya mchezo wa kuendesha motokari nyumbani, na volan na pedali zake, kwa sababu ku telefone ulisikia sauti yake imekuwa ndogo. Na unaniomba mimi nichague. Hapo umeuliza muntu mwenyewe. Miaka kumi na mbili nilikaa pembeni ya papa yako ndani ya kamyo, convoyeur wake, utingo, na hakuna kona ya hii inchi ao ya Congo isiyojua jina langu. Siku ile fre, breki zenyewe, zilikatika ku makona ya mulima wa Ngomo, ni mimi niliruka inje na jiwe kichwani, nikakimbia mbele ya kamyo, nikaipita, nikalaza jiwe chini ya gurudumu, ikasimama kama mbuzi imefungwa. Uliza muntu yeyote.

Basi, volan. Ile nyepesi yenye kurudishwa na resori, ile springi, acha. Inageuka nusu tu, kisha inagonga mwisho. Hiyo ni ya kuchezea, haiko ya shofere. Chukua ile kubwa yenye motere ndani, ile inayozunguka mara mbili na zaidi na inapigana na mikono. Tazama pia vile vyuma vya kuikaza ku meza: meza yetu ni mbao nene ya muvule, vyuma vifupi havitaishika. Na pedali ziwe nzito, kwa sababu sakafu yetu ya simenti inateleza. Nitaziwekea tofali nyuma.

Sasa umeuliza kama pedali ziwe mbili ao tatu. Hilo swali limenikalisha siku tisa na kalamu mukononi. Siwezi kulijibu bila kukuambia kitu tulichokuficha sisi wote hapa nyumbani. Papa yako hana tena muguu wa kushoto.

Kaa chini kwanza, kisha usome.

Ilikuwa mwaka wa 2001, mwezi wa pili. Tulitoka Bukavu kwenda Uvira, tumebeba chumvi na sabuni. Ku Ngomo motere ya kamyo ilichemka, ikabidi kusimama ku mupando, pale barabara inapopanda mulima. Unajua kazi yetu: kamyo ikisimama ku mupando, convoyeur anashuka na jiwe, analiweka nyuma ya gurudumu, ndipo shofere anaachia fre. Kushuka na jiwe ilikuwa kazi yangu. Mimi nilikuwa nalala. Tulikuwa tumekunywa kidogo ku Nyangezi, mimi kupita yeye. Papa yako aliniita mara mbili, kisha akakaza fre ya mukono, akashuka mwenyewe. Pembeni ya barabara walikuwa wametega bombe chini ya udongo. Kilichoniamusha ni ule mulio.

Nilimubeba mugongoni mpaka tulipopata batu. Watu wengine nimewaambia nilitembea siku mbili. Haikuwa siku mbili, ilikuwa saa moja hivi, na nililia njia yote. Kamyo ilibaki pale, na hatukuiona tena.

Wewe ulikuwa umefika Ulaya miezi mine tu. Papa yako alisema: Aimable asijue, atarudi, ataacha masomo. Ndiyo sababu ile picha ya Noël inaishia ku kiuno. Ndiyo sababu nilikuandikia kwamba amepata kamyo mupya ya mashini ya muchele ku Bugarama. Hakuna kamyo. Anakaa ku kiti nyuma ya nyumba, anatazama barabara ya chini, na kuna wiki zinapita hajasema maneno kumi. Mama yako anamuwekea chakula, yeye anakirudisha.

Nilipopata barua yako nikaona kwanza nijaribu. Bwana Gisa, yule fundi wa radio, ana chumba karibu na soko, na ndani ameweka mashini kama hiyo, na volan yake. Siku ya tatu ya hizo tisa, kulikuwa umeme, nikamupandisha papa yako ku baiskeli, nikamusukuma mpaka pale. Alikataa mpaka ku mulango. Lakini alipokaa na kushika volan, mikono yake ilijua.

Aimable, ni mchezo wa mbio. Motokari zote zilikimbia. Yeye aliendesha kama ameshuka Ngomo: kila kona anapunguza mwendo mapema, anaizunguka kwa upana, anaangalia kioo ambacho hakipo. Gisa akacheka.

"Mzee Kabera, haya ni mashindano. Hata mwenye kutembea kwa miguu atakupita."

Papa yako hakugeuza kichwa. "Bapite. Mimi nimebeba muzigo."

Chumba chote kilicheka, na yeye akacheka nao kidogo. Miaka mitatu sikuwa nimesikia hiyo sauti. Lakini mimi nilikuwa natazama chini. Zile za Gisa ni pedali mbili tu, ya kukimbia na ya fre. Na kila kona, ndani ya suruali iliyokunjwa, ile sehemu ya muguu iliyobaki ilikuwa inapanda na kushuka, inatafuta ambreyaje, ile pedali ya tatu, klachi, ya muguu wa kushoto. Nikatoka inje nikasimama ku mvua.

Tulipofika nyumbani nikamusomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemujibu nini?"

"Bado."

"Andika tatu."

"Kaka, ya tatu utaikanyaga na nini?"

"Akisikia mbili, atauliza sababu. Shofere wa kamyo hawezi kuomba mbili. Andika tatu, Munyemana, mutoto amalize masomo yake."

Nikasema ndiyo. Nimezoea kumuambia ndiyo kisha kulala. Ndani ya hizo siku tisa nimeandika tatu mara mbili, na mara mbili nimechana. Muntu akikaa mbele ya pedali ambayo hawezi kuifikia, kila siku itamutazama. Na wewe ungekuwa huko unafurahi.

Basi ninaandika mbili. Tuma ya pedali mbili.

Usiache masomo, hilo alilolisema ni kweli, usimuongezee kidonda. Lakini umuandikie yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu, na umuambie kwamba unajua. Na ukitaka kunikasirikia mimi, una haki, sitajitetea.

Mama yako anakusalimia sana, na Védastine, na bwana Gisa anayesema atakuja kuifunga volan bila malipo. Papa yako hajakutumia salamu, kwa sababu hajui kama leo naandika. Siku karton itafika ataifungua mwenyewe, atatazama pedali, ataelewa nani amesema. Atakaa bila kunisemesha, labda wiki, labda mwaka. Mimi nitaziwekea tofali nyuma, nitavuta kiti, nitakaa pembeni yake upande wa kuume, na safari hii sitalala.

Mungu akulinde katika hiyo baridi, akupe usingizi baada ya kusoma haya.

Ni mimi papa yako mudogo, mwenye kukupenda na mwenye haya,

Munyemana