Ng'ombe Asiye na Alama Masikioni

Dada Neema, shikamoo. Nakuandikia nimesimama hapa Karatu, vumbi limeingia mpaka kwenye rangi zangu, na lori litakalopeleka mchoro wangu kuchapwa Arusha linaondoka saa sita. Tangu juzi siwezi kukaa kitako.

Ni lile bango la kuwahimiza watu wa Ngorongoro waogeshe ng'ombe, maana kupe wanamaliza ndama. Nilichora ng'ombe mzuri, mweupe, masikio mazima, anaingia joshoni. Nikalibandika kule juu kwenye ukungu, meno yananigongana kwa baridi. Mfugaji mmoja, Lemali, akaliangalia weee.

"Huyu wa nani? Masikio hayana alama."

"Wa wote," nikamjibu, kisomi kabisa.

"Basi hao wote wamwogeshe."

Watu wakacheka. Nilichemka, Dada, miaka yote ile ya chuo! Kisha Lemali akachomoa kisu, akalikata sikio la karatasi kwa alama ya ukoo wake. "Sasa wangu. Josho linafunguliwa lini?"

Basi nimechora upya. Masikio ni makubwa, yamefika ukingoni mwa karatasi, na kila mtu atakata alama yake mwenyewe. Mkubwa wangu atasema nimeharibu kazi. Aseme.

Nibusie wanao, na hicho kikohozi usikidharau. Ukiona kona ya kadi hii imekatwa, usigombane na watu wa posta. Nimeikata mwenyewe, ujue ni yako.

Mdogo wako, Elia