Machicha Kwenye Tui

Jumatatu, 5 Mei 2025

Protini tena! Mwaka wa pili mfululizo nakaa kiti kile kile, natazama ubao ule ule, naambiwa kwamba protini ni mnyororo wa asidi amino. Ahsante sana. Mwaka jana niliambiwa hivyo hivyo nikapata sapu, mtihani wa marudio, na sapu yenyewe nikaanguka. Sasa narudia somo pamoja na watoto waliokuwa sekondari juzi. Wananiita "bro". Heshima kubwa.

Madam Anastasia kasema umbo la protini ndilo kazi yake. Ikikunjwa sawasawa inafanya kazi, ikikunjuka basi tena. Kachora tambi za kila namna ubaoni — eti ngazi nne za muundo. Nimenakili zote nne. Sijaelewa hata moja, lakini daftari limependeza.

Nikifeli safari hii ni disko: begi mgongoni, chuo kwaheri. Praktikali ya Jumatano ina maksi ishirini. Kila mtu alete mkojo wake wa asubuhi. Elimu ya juu hiyo!

Dada Hidaya kacheka mpaka kashika tumbo. Tumbo lenyewe la miezi saba, linashikika. Kasema yeye anashinda sokoni Mwembesongo anauza ndizi ili mdogo wake asome chuo, kumbe nasomea choo.

Jumatano, 7 Mei

Nimechelewa kuamka. Nikaenda msalani, nikarudi, ndipo nikakumbuka. Kichupa kitupu kipo mezani. Nimekunywa maji vikombe vitatu — wapi! Saa moja na robo. Dada anapita na kopo lake kwenda msalani, akanikuta nimesimama na kichupa kama nimefiwa.

"Lete hapa," kasema.

Nikamwambia haiwezekani, ni aibu. Kasema yeye ndiye aliyenitawaza mpaka nina miaka minne, aibu gani iliyobaki? Kakirudisha kimejaa, kimefutwa, kimefungwa kwenye kimfuko cha karanga. Nikaandika jina langu kwenye lebo. Mwandiko mzuri kabisa.

Praktikali yenyewe hivi: unachemsha mkojo ndani ya tyubu kwenye moto wa spiriti, unadondoshea asidi kidogo. Kama una protini, joto linaikunjua, inagandana, unaiona kwa macho. Kama hauna, unabaki maji tu. Tyubu za wenzangu zote zimebaki maji. Yangu ikaanza ukungu. Halafu mawingu. Halafu uji! Erick, mwenzangu wa benchi, mtoto wa juzi anayejua kila kitu, katangaza kwa sauti ya mnadani: "Madam, bro anaumwa figo!"

Darasa zima likanitazama kwa macho ya matangani. Madam kaniita pembeni, kaniandikia barua, niende hospitali leo leo. Nilitaka kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mkojo wa kuazima ni udanganyifu, udanganyifu ni sifuri, na sifuri ni disko. Nikasema, "Ahsante, Madam."

Maksi: kumi na tisa. Sijawahi kuziona.

Ijumaa, 9 Mei

Kuumwa kuzuri jamani. Nimeachiwa kiti cha dirishani. Madam haniulizi maswali. Pendo wa mstari wa mbele, ambaye tangu muhula uanze hajawahi kujua kama nipo duniani, kaniletea parachichi na kunishika bega. Erick kanipa noti zake zote. Kikundi cha maombi kimeniombea — na mimi Mwislamu, nimeitikia amina kwa adabu zote. Madam kauliza hospitali wamesemaje. Nikasema wamenipa tarehe ya kurudi. Uongo wa kwanza ulinikaba, huu wa leo umeteleza wenyewe.

Na Dada? Si kwamba sijamfikiria. Nimekaa na noti za Erick jioni nzima. Kazi za protini: kujenga mwili, kusafirisha, kulinda. Dada anajenga mtu mzima tumboni, na juu ya hapo protini nyingine inamwagika na mkojo. Basi arudishiwe! Mayai mawili asubuhi, mawili jioni, kuanzia kesho. Dawa nimeipata bila kumsumbua daktari na bila kumwambia mtu chochote. Nina akili sana.

Jumapili, 11 Mei

Dada kala yai la nane. Analalamika viatu vinambana. Miguu imejaa — kabonyeza kwa kidole, kishimo kikabaki pale pale. Nikamwambia ndiyo protini inaingia hiyo. Nilisema kwa kujiamini mpaka mimi mwenyewe nikaamini.

Kliniki kaenda mara moja tu, mimba ikiwa ya miezi minne. Nimemuuliza atarudi lini. Kasema foleni ndefu, na ndizi hazisubiri foleni, zinaoza. Sikubishana naye. Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu: nilifurahi. Kliniki wangemuuliza maswali, na maswali yana miguu, yangefika chuoni.

Jumanne, 13 Mei

Mjomba Pazi kashuka kutoka Kinole na mikungu sita ya ndizi na amri moja. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Baba anaarifiwa. Shemeji Abdulswamad yuko kwenye mashamba ya miwa, kaarifiwa kwa simu, kasema sawa. Angesema nini? Amri yenyewe: Hidaya apande Kinole kesho, akajifungulie kwa Bibi.

Halafu Mjomba kaona maganda ya mayai kwenye ndoo. Balaa! Mjamzito hali mayai, mtoto atatoka hana nywele! Nikamtazama kichwani. Hana unywele hata mmoja. Sijui Bibi alikula trei ngapi. Nikamweleza kisomi: asidi amino, umbo, kazi. Kanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kisha kauliza kama huo usomi wangu umeshawahi kufaulu.

Dada kacheka. Halafu kashika kichwa. Kinamuuma tangu jana, kasema ni jua la sokoni. Jana imenyesha kutwa.

Jumatano, 14 Mei

Wameondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimembebea Dada begi mpaka kwenye gari. Chini ya kanga nimeficha hotpoti lenye mayai kumi ya kuchemsha, Mjomba asilione. Dada kanikonyeza. Uso umemvimba, macho yamekuwa madogo. Kasema anaona vimulimuli mbele ya macho, asubuhi yote hiyo. Nikamwambia hajalala vizuri.

Nyumba imepoa. Hakuna wa kunicheka. Kesho lekcha ya albumini.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika chini ya bati la mama muuza vitumbua, hapa Mkuyuni. Mvua inapiga kweli kweli, bodaboda kagoma kupanda mpaka ipungue. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi Madam kaja na albumini. Protini ya damu, kubwa, imekunjwa donge. Kazi yake kushikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Haipiti kwenye figo kwa sababu ya umbo lake, figo ni chujio. Halafu kasema hivi: ukikamua nazi ukakuta machicha kwenye tui, kosa si la nazi. Chujio limetoboka. Na ukiongeza nazi, chujio halizibiki. Darasa likacheka. Mimi nikahesabu. Mayai kumi na sita! Na kumi begini!

Madam akaendelea, anafuta ubao taratibu. Kwa wengine ni figo, kwa wengine ni sukari. Na kwa mjamzito ni kengele ya hatari — presha imepanda. Kichwa kinauma. Uso unavimba. Anaona vimulimuli. Asipowahiwa anashikwa na kifafa cha mimba, na hapo mnaweza kuzika wawili.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje. Nikasema mbele ya watu mia: "Madam, ule mkojo si wangu. Ni wa dada yangu. Ana mimba."

Erick kaanza kucheka, akaniona usoni, akaacha. Madam kaweka dasta chini. Kauliza kitu kimoja tu: yuko wapi? Nikasema Kinole, mlimani. "Praktikali yako sifuri," kasema, "mengine tutaongea. Sasa hivi nenda kamshushe." Hata sauti hakupandisha. Kapiga simu kituo cha afya cha huku bondeni, wakasema watamsubiri. Simu ya Dada haipatikani. Ya Mjomba haipatikani. Kule mtandao unashika juu ya jiwe moja tu, na leo kwa mvua hii nani akakae juu ya jiwe?

Figo zangu nzima. Hazina hata doa. Wiki nzima nimekula parachichi la watu kwa ugonjwa wa dada yangu. Mimi ni mshenzi. Nimeliandika, na libaki.

Mvua imepungua. Twende.

Alhamisi hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni

Kituo cha afya. Benchi la barazani. Nina daftari, kalamu, na hotpoti la mayai mapajani. Nani kanipa hili hotpoti, sijui.

Niliwakuta kibarazani kwa Bibi, Bibi anamkanda Dada miguu kwa maji ya moto. Shikamoo Bibi, shikamoo Mjomba — nikasema Dada ashuke sasa hivi. Mjomba kakataa. Juzi nilimfundisha kisomi kwamba Hidaya ale mayai. Leo namfundisha kisomi kwamba ashuke. Kesho nitamfundisha nini? Na ana haki. Hata mimi nisingenisikiliza.

Basi nikaomba vikombe viwili vya bati, vile vyeupe, na ndimu, na mkojo. Bibi kasema mtoto karukwa na akili. Dada kafumba macho, kasema polepole, "Mpeni tu. Ndiyo kazi anayosomea." Mjomba kauliza kikombe cha pili ni cha nini. Nikamwambia: cha kulinganishia. Cha mtu mzima wa afya. Chako, Mjomba.

Kakichukua kikombe. Halafu kaenda nyuma ya nyumba, karudi nacho, kakishika mbali na kanzu kwa heshima zake zote. Mara mbili nimesoma somo hili, na sikuwahi kuelewa sampuli ya kulinganisha ni ya kazi gani. Leo nimeelewa.

Mafiga matatu, kuni mbichi, moshi mpaka machozi. Kikombe cha Mjomba kikachemka, nikakamua ndimu, kikabaki maji. Cha Dada kikaganda. Mabonge meupe, kama ute wa yai lililochemka. Mjomba kainama. Katazama kimoja, katazama kingine, karudia tena.

"Hayo ndiyo mayai uliyomlisha?"

Nikasema hapana, Mjomba. Hiyo ni protini ya damu yake, inavuja. Mayai yalikuwa woga wangu. Na nikamweleza yote, tangu kichupa. Nilitazama majivu muda wote. Hakunipiga. Bora angenipiga. Kavua koti lake, kamfunika Dada, kaenda kuita majirani waje na machela.

Njia nzima ya kushuka matope yalitufika magotini. Dada hakusema neno, yeye ambaye hata usingizini anasema. Barabarani tukapata pikapu ya wachuuzi wa ndizi, wanamjua, wakashusha mikungu yao wenyewe bila kuombwa.

Presha: mia na themanini kwa mia na ishirini. Nesi Rahel kapima mara mbili. Wamemdunga sindano ya kuzuia kifafa. Amesinzia, anaitwa haitiki vizuri. Gari la kumpeleka mjini limekwama kwenye matope, daktari kasema hatalisubiri. Upasuaji hapa hapa, mtoto atoke. Miezi saba na siku chache! Shemeji kwenye simu alikuwa analia. Kasema Mjomba aamue.

Nesi katoka sasa hivi na karatasi. Kauliza nani anamwekea mgonjwa sahihi. Nikamtazama Mjomba. Mjomba, matope mpaka kifuani, upara unatiririka mvua, kaitazama karatasi, halafu mimi.

"Mimi ni mjomba wa Hidaya," kasema. "Mjomba wa huyo anayezaliwa ni wewe."

Basi. Kakaa chini, kafungua hotpoti. Hakula.

Kalamu ya nesi haiandiki. Barazani hapa ipo moja tu, hii, na nesi amenyoosha mkono