Kufumua Injini ya Mzee wa Maziwa

Soga, Kibaha

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo vipi, bado unakukaza ukisuka watu umeinama? Mimi mzima, nakula vizuri, ila mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye kucha na sabuni imesalimu amri. Naandika kwa sababu ulisema kwenye simu naongea kama cherehani, unaambulia nusu. Basi hii isome taratibu, au Kaka Seif akusomee akishaegesha pikipiki, na asiruke sehemu anazoona ndefu.

Habari yenyewe ni kwamba Fundi Shomari, mwenye gereji, alinipa injini nzima niifunge mwenyewe. Tangu nije nilikuwa naosha vyuma na dizeli kwenye beseni, mengine najifunza kwa video za kwenye simu. Injini ni ya pikapu ya mzee mmoja wa Magindu, analeta maziwa Mlandizi. Tangu gari ilale maziwa yanakuja kwa pikipiki, mengine yanagandia njiani. Fundi akaniambia, "Zai, ukiifunga vizuri umetoka kwenye beseni. Ukiiharibu, beseni lipo."

Nikaifunga. Nilikuwa na haraka, Mama, si unanijua. Nimemaliza, nikaweka spana ndefu niizungushe kwa mkono, inazunguka kwa shida kama kinu kimeingia mchanga. Chuma, kijana mwenzangu pale, akacheka.

"Ringi mpya za pistoni hizo, bado zinabana. Washa, italegea yenyewe."

"Na kitu kikikatika ndani?"

"Si umesomea kwenye simu? Iulize simu."

Nikaipindua, nikaifungua chini. Kuna mhimili mkubwa unaozunguka, tunauita krenki, umeshikwa na vifuniko vya chuma vyenye namba. Kila kifuniko kina mahali pake, ukikihamisha kinabana. Namba moja inaanzia mbele. Sasa mimi injini iko mezani, nikajua mbele ni mlangoni, niliposimama mimi. Kumbe mbele ya injini ni upande wa feni, hata uilaze chali. Cha kwanza nimekiweka mwisho, cha mwisho nimekiweka mwanzo.

Nikavirudisha. Spana ikaenda kwa mkono mmoja. Fundi Shomari akaja akazungusha mwenyewe, akasema, "Safi. Pandisha kwenye gari." Mzee wa maziwa yuko kwenye benchi nje na madumu yake matupu, anasubiri.

Hapo nikakumbuka vile vyuma vinavyopanda na kushuka ndani ya injini. Pistoni nazo zina kishale juu, kinatakiwa kitazame mbele. Na mimi niliziingiza kwa mbele ileile ya mlangoni. Juu nimeshafunga, hakuna anayeona. Ingewaka, Mama. Mzee angepakia maziwa yake, asubuhi ikiwa ya baridi ingegongagonga, halafu ingejila polepole huko Magindu na mimi nimeshatoka kwenye beseni.

Nikasema, "Fundi, naomba niifumue."

"Uifumue nini? Si inazunguka?"

"Pistoni zinatazama nyuma. Zote."

Chuma akasema, "Huyu ataolewa na hii injini."

Fundi akafuta mikono. Akaenda kwa mzee, wakaongea, mzee akabeba madumu akatafuta pikipiki. Mzee hakunitazama. Bora angenigombeza.

Wakati nalegeza nati nikamkumbuka yule bi harusi wa kwa jirani. Ngoma imeshafika mlangoni, wewe ukaona mstari mmoja wa kisogoni umepinda, ukafumua kichwa kizima. Mimi nimekushikia kitana, nakuona unatutia aibu. Nikakwambia, "Mama, shela litafunika." Ukanijibu, "Shela litavuliwa."

Vishale vyote vinne vilikuwa vinatazama nyuma. Nikazigeuza pistoni, nikaweka gasketi mpya, nikafunga taratibu, kila nati naitaja namba yake kwa sauti na Chuma anaitikia "amina". Tukaipandisha kwenye gari, ikawaka. Mzee alipokuja akainama na sikio kwenye boneti, akasikiliza weee, akasema tu, "Haigongi." Kesho yake akaleta dumu la mtindi, anauliza, "Yule binti wa nyuma-mbele yuko wapi?" Ndiyo jina langu hapa sasa.

Kwenye beseni sijarudishwa. Fundi amenipa injini nyingine, ila kwanza alichora mshale mkubwa wa chaki mezani, akaandika MBELE.

Nisalimie Bibi aliyelalamika navaa suruali, mwambie suruali ya kazi ninayo na gauni pia ninalo. Kaka Seif asiguse injini ya pikipiki mpaka nije. Shangazi wa shamba la mihogo mwambie makopa yake yameisha, hata unga wa kwenye mfuko nimekung'uta.

Nakuja mwisho wa mwezi. Kichwa changu kimejaa oili na vumbi, naomba unisuke. Ukiona mstari umepinda fumua tu, Mama. Safari hii nitatulia.

Mwanao,
Zaituni