Mayai ya Kambare

Jumapili, Novemba 1949

Bado nayasikia mayai yale mdomoni.

Mimi ndiye niliyewaomba watu wa Mto Momba waopoe migono yao, mitego ya samaki, kila mvua za kwanza zinyeshapo, kambare wanapopanda mto kwenda kutaga. Niliwaeleza taratibu. Nilipokuwa nafundisha Pwani, wavuvi waliwamaliza chewa wakubwa pale pale kwenye mwamba walipokusanyika kuzaa, wakabaki wadogo wasiofikia kutaga. Jike moja kubwa lina mayai mengi kuliko wadogo wengi. Wakanikubalia, ingawa watoto wao sasa wanakula ugali kwa majani ya maboga.

Leo nimekwenda kwa mkwe wangu, baba wa mume wa binti yangu. Nikaandaliwa kambare jike, tumbo limejaa mayai. Sikuuliza samaki huyo alivuliwa wapi. Ukweni chakula hakikataliwi, nikala.

Akaingia jirani yao Simfukwe, yule aliyetangulia wenzake kuopoa mgono wake. Akatazama sahani yangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Huyo alikuwa anapanda mto au anashuka?"

Mkwe akacheka.

"Basi kesho nami narudisha mgono wangu majini," akasema Simfukwe kwa upole kabisa. "Wanangu nao wanapenda mayai." Wengine watamfuata, najua.

Njia nzima nimejitetea kwa desturi, kwamba mgeni hana la kufanya ila kula alichopewa.

Lakini kipande cha pili hakuna aliyenipa. Nilikiomba mwenyewe.