Miguu Yangu Imegoma

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Huku tunaendelea. Paa la jikoni limezibwa, na mjukuu wako ameanza kuota meno, anatafuna hata kandambili.

Uliniuliza habari za miguu. Bado inawaka moto kuanzia asubuhi. Nimepigwa picha, nimetolewa damu, na daktari akasema, "Mzee, hatuoni kitu." Mwanangu aliposikia, akasema labda nimechoka tu kunyoa watu. Maneno hayo yaliniuma kuliko miguu yenyewe. Usimwambie nimekuandikia.

Jumanne nilikuwa namnyoa ndevu jirani yangu, fundi bati. Maumivu yakanipanda ghafla, wembe ukamkata shavu. Nikamwomba radhi, nikamwambia, "Wewe ndiye wa mwisho. Leo nafunga kibanda, sifungui tena."

Alijifuta damu, akainuka kitini, akaketi sakafuni.

"Kaa wewe kwenye kiti," akasema. "Malizia upande huu."

Dada, nilimaliza nimekaa, machozi yananidondoka kichwani pake. Wala hakuniuliza daktari alisema nini.

Kesho nafungua.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho.