Ukumbi wa Mama Idi

Mama yangu,

Huku Magomeni masika yameingia, na lile bwawa letu la bondeni limepanda mpaka kwenye migomba. Nakuandikia nikiwa juu ya mkeka wako, miguu imejaa matope. Usinigombeze, nitauosha.

Tangu tukuzike mtaa umebadilika. Nyumba za udongo zinavunjwa, zinajengwa za matofali, na balozi wetu wa nyumba kumi kutwa ni kujitegemea, kujitegemea. Foleni ya sukari ni ileile. Bado nageuka nikutafute umesimama wapi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiacha milango yote miwili wazi, wa mbele na wa uani? Maji yakijaa, watu wa bondeni walipita katikati ya nyumba yetu kwenda barabarani, magodoro kichwani. Hodi moja tu, nawe unaitikia kutoka jikoni, "Piteni wanangu, ila mkanyage gunia!" Mtaa mzima ulijua ukumbi wa Mama Idi ni njia.

Sasa huyo Idi wako, ah! Tanga lilipoanuliwa tu, akasema matope ya watu yamemchosha, mlango wa uani uzibwe, pale mwisho wa ukumbi pawe chumba. Nikamuuliza, "Kaka, na watu wapite wapi?" Akasema wazunguke. Nililia, Mama, nililia kama siku ile ya msiba. Fundi akaja, akaanza kupanga matofali.

Jana matofali yalikuwa yamefika magotini, mvua ikashuka. Bwawa likafurika. Nikasikia uani sauti ya Bi Tatu, yule muuza vitumbua wa bondeni: "Hodi, Mama Idi!" Anajua umekufa. Ndiye aliyekuosha. Ni mdomo tu, umezoea. Nyuma yake wajukuu, masufuria, kuku ndani ya kikapu.

Nikashindwa kuitika. Idi akatoka chumbani mbio, akaruka matofali yake mwenyewe, akambeba bibi wa watu mgongoni. Akapaza sauti, "Piteni! Ila mkanyage gunia!" Maneno yako yaleyale, Mama, na machozi yanamtoka.

Leo asubuhi kayabomoa matofali yale. Kayapanga nje ya mlango yawe ngazi, maana Bi Tatu magoti yanamsumbua.

Basi lala salama, mama yangu. Gunia nimelifua, limeanikwa. Na mtu akiita hodi kwa jina lako, naahidi, nitaitika mimi.

Mwanao,
Mwanahawa