Saini Niliyokunyima

Elia, mdogo wangu,

Jumapili Mama alipiga simu kutoka Singida. Mwaka mzima tangu tukuzike, na bado jina la kwanza mdomoni mwake ni lako. Nimeona wivu. Wivu kwa marehemu, Elia, hebu nicheke!

Alitaka nisaini ile karatasi ya ukoo. Wenzetu wote walishakubali shamba letu la huko likodishwe kwa kampuni ya umeme wa jua. Ilibaki saini yangu, ileile niliyokunyima. Kampuni imechoka kungoja.

Unakumbuka uliponichukua kwangu Malvern, huku ughaibuni, kwa gari lako ukanionyesha shamba la sola mlilojenga wewe na wenzako wa kazini nje ya jiji? Paneli mistari kwa mistari, na kondoo wamelala kivulini chini yake. Ukasema, "Dada, ona, ardhi haijafa. Na kwetu kule hata mtama unagoma." Nikakujibu hao ni kondoo wa Wazungu. Nikashikilia kwamba paneli moja juu ya bati inamtosha kila mtu. Ukacheka: "Inatosha taa na simu. Mashine ya kusaga je? Friji ya chanjo pale zahanati je?" Ulisema kweli, na nilijua siku ileile.

Sasa nikwambie nililokuficha. Sikuwa na ugomvi na sola. Kanisani wote walikuzunguka wewe, mjenzi wa sola; mimi ninayeogesha wazee wa watu, nani aniulize habari za kazi? Nawe mwenyewe ulikuwa unapitisha miezi bila kubisha mlango wangu. Nilipokataa kusaini ndipo ukaanza kuja kila Jumamosi, na sambusa za duka la mtaa wa Agincourt mkononi, kunibembeleza. "Dada yangu, tafadhali." Nikawaza, nikisaini tu, huyu harudi. Nilizionea wivu zile paneli kama mke mwenza. Nikakuzungusha, nikakuzungusha, mpaka moyo wako ukasimama.

Nisamehe.

Jana nimesaini. Niliweka kalamu chini mara tatu, hadi wakili akauliza kama kuna mtu ananilazimisha. Nikamwambia hapana, nimebembelezwa vizuri sana.

Nakuahidi, siku umeme ukiwaka nitakuwepo, na nitasema mbele ya Mama na kijiji kizima kwamba wazo lilikuwa lako na ukaidi ulikuwa wangu. Atakusifu mpaka roho iniume. Nitavumilia.

Lala salama, mdogo wangu. Sasa hakuna tena anayeniomba kitu.

Dada yako,
Yusta